Blanketi gani linamfaa farasi wakati wa baridi? Gramu hizi zimenichanganya

Shungi (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Poleni na baridi kwa mnaoipata.

Nina farasi jike wa miaka 17, nina miezi minne naye. Nimepanda farasi wa watu miaka mingi, lakini kumiliki wa kwangu ni mara ya kwanza, na huu ndio msimu wetu wa kwanza wa baridi pamoja. Mchana anashinda malishoni, usiku analala bandani. Usiku kipimajoto kinacheza kwenye nyuzi 3 na 4, siku mbili kimegusa 0, na wiki ijayo wametabiri mvua ya mfululizo na upepo.

Nilipoenda kununua blanketi nilikuta rundo. Gramu 0, 50, 100, 200, 300, 400. Denia 600, denia 1200. La kutokea nje, la bandani, lenye shingo, lisilo na shingo. Muuzaji akaniambia mnyama mwenye umri mchukulie zito, umalize kazi. Nikabeba la gramu 300 lenye shingo. Usiku ule nikamvisha, nikaenda kulala roho imetulia.

Asubuhi nikamkuta amesimama kimya kwenye kona, nyasi zake hajazimaliza. Nikapenyeza mkono chini ya blanketi, nyuma ya bega. Manyoya yamelowa chapachapa, yamegandana kama katoka kukimbizwa. Nje ilikuwa nyuzi 4.

Nimeumia sana, maana nilijua namsaidia. Naombeni mwongozo. Mtu anaanzia wapi?

Mzee wa Banda

Dada Shungi, pole. Ila ule mkono uliopenyeza chini ya blanketi ndio mwanzo wenyewe. Kuna watu wanafuga farasi miaka kumi hawajawahi kufanya hivyo, wanatazama tu blanketi kwa nje wanaridhika.

Leo mwache bila kitu mpaka akauke kabisa, asipigwe na upepo akiwa amelowa. Halafu hizo gramu ziweke pembeni kidogo, tumwangalie mnyama mwenyewe.

Farasi mzima ana joto la mwili la nyuzi 37.5 hadi 38.5, kwa hiyo tangu hapo yuko juu yetu kidogo. Tumboni ana tanuri. Nyasi anazokula zinakwenda kuchachuka kwenye utumbo wake mpana, vijidudu vinazivunja, na kazi hiyo inatoa joto saa zote, usiku na mchana. Ndiyo maana farasi mwenye nyasi za kutosha mbele yake anavumilia baridi ambayo mimi na wewe ingetulaza kitandani. Ukitaka kumpasha moto, cha kwanza kumwongezea ni nyasi kavu. Farasi wa kilo 500 anahitaji kilo 7.5 hadi 10 kwa siku ili tu aende vizuri, na baridi ikizidi anahitaji zaidi.

Nje ana koti lake. Manyoya ya baridi hayasubiri baridi ifike. Yanafuata urefu wa mchana. Jua likianza kuchelewa kuchomoza na kuwahi kuzama, mwili unajua, manyoya yanaanza kuota hata kama bado kuna joto. Kila unywele una msuli mdogo kwenye shina. Baridi ikija, misuli ile inavuta, manyoya yanasimama wima, hewa inanaswa katikati yake. Hewa ile ndiyo blanketi lake la asili. Nimewahi kumkuta dume wangu asubuhi ana theluji mgongoni unene wa kidole, haijayeyuka hata kidogo. Nikapitisha mkono chini ya manyoya, ngozi ya moto. Joto lake halikuwa linatoroka, ndiyo maana theluji ilikaa.

Farasi aliyezoea baridi, mwenye manyoya kamili, mkavu, aliyeshiba na mwenye mahali pa kujikinga, anaweza kufika karibu nyuzi 15 chini ya sifuri kabla mwili haujaanza kuchoma chakula cha ziada ili apate joto. Ambaye hajazoea, kikomo chake ni karibu nyuzi 5 juu ya sifuri. Ona tofauti hiyo. Namba moja ya kipimajoto inasema mambo mawili tofauti kwa farasi wawili waliosimama bega kwa bega.

Kinachomshinda ni maji na upepo vikija pamoja. Manyoya yakilowa mpaka kwenye ngozi yanalala, hewa inatoka, ulinzi umekwisha. Nyuzi 4 za mvua na upepo ni mbaya kuliko nyuzi 5 chini ya sifuri zilizo kavu na tulivu.

Sasa niambie. Amenyolewa? Manyoya yake yakoje ukiyagusa? Mbavu zake unazipata kwa vidole? Malishoni kuna kibanda au hakuna?

Mama Kwato

Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu, ila hapa naomba nipingane kidogo, kwa sababu maneno ya "farasi ana koti lake" yaliniponza.

Niliwahi kuwa na farasi wa damu ya mbio. Ngozi nyembamba, manyoya mafupi hata katikati ya baridi. Nilisoma kila mahali kwamba farasi hahitaji blanketi, nikamwacha hivyo hivyo. Ndani ya wiki sita alikonda mpaka mifupa ya nyonga ikatokeza. Alikuwa anatetemeka asubuhi, mimi nadhani atazoea. Chakula chote alichokula kilikuwa kinaishia kwenye kutafuta joto. Nilipomvisha la gramu 200 alianza kurudi taratibu, lakini ilichukua mpaka majani mapya yaote ndipo akawa sawa.

Kwa hiyo dada, usitoke hapa ukaamini blanketi ni kitu kibaya. Wapo wanaolihitaji kwelikweli.

Mzee wa Banda

Marahaba mama. Hatupingani hata kidogo, umemalizia nilichokuwa nakwenda kusema.

Anayehitaji blanketi bila mjadala ni aliyenyolewa manyoya kwa ajili ya kazi, maana koti lake tumelitoa sisi wenyewe. Wapo pia aliyekonda, mzee asiyeweza kushika uzito, mgonjwa, aliyeletwa kutoka sehemu ya joto katikati ya msimu kabla manyoya hayajaota, na yule anayenyeshewa siku nzima bila pa kujikinga. Farasi wa mbio kama wa kwako wengi wao wanaingia humo. Na mwenye mwili mdogo, hasa mtoto wa farasi, hupoteza joto upesi kuliko mkubwa.

Hesabu inayotumika ni kwamba kila nyuzi moja chini ya kikomo cha farasi huyo inaongeza mahitaji yake ya nishati kwa karibu asilimia 2.5. Nyuzi 10 chini ya kikomo, hiyo ni robo nzima ya chakula juu ya kile cha kawaida. Ukiwa na mnyama asiye na akiba mwilini, ndiyo hicho ulichokiona.

Shungi

Asanteni sana. Majibu ya maswali ya mzee: hajanyolewa. Manyoya ni mazito, kidole kinazama. Mbavu sizioni kwa macho ila nikibonyeza kidogo nazipata, hata mganga wa mifugo alisema uzito uko vizuri. Malishoni kuna kibanda cha kuta tatu na paa, lakini mara nyingi yeye huchagua kusimama nje, hata mvua ikinyesha.

Kwa maelezo hayo naona kabisa gramu 300 zilikuwa nyingi mno. Lakini bado sijaelewa, hizo gramu ni gramu za nini? Nililipima lile blanketi kwa mikono, ni zito kuliko gramu 300 mara nyingi.

Fundi Sindano

Hapo nadhani naweza kusaidia. Nashona na kurekebisha mablanketi ya farasi, mwisho wa baridi yananijia kwa mafungu.

Gramu ni uzito wa pamba ya poliesta iliyotandazwa ndani, kwa kila mita moja ya mraba. Zimepima hiyo pamba ya kujazia tu. Kitambaa cha nje, bitana na mikanda havimo. Gramu 0 maana yake hakuna pamba, ni kitambaa cha kuzuia mvua na upepo peke yake. Gramu 50 hadi 100 ni jepesi, 150 hadi 250 ni la kati, 300 kwenda juu ni zito. Mablanketi mawili ya gramu 200 kutoka kwa watengenezaji wawili yanaweza kutofautiana joto, kwa sababu bitana na ubora wa pamba havifanani. Na pamba ikizeeka inalala. Blanketi la miaka mitano lililofuliwa vibaya limeandikwa 300, ukilibana kwa vidole halina hata nusu ya unene wake wa zamani.

Denia ni kitu kingine kabisa, haihusiani na joto. Ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uzi mnene, denia kubwa, kitambaa kigumu kuchanika. Denia 600 inamtosha farasi mtulivu anayeshinda peke yake. Kama ana wenzake wa kung'atana na kuvutana, au kuna miiba na nyaya, nenda 1200 au 1680. Lakini denia kubwa haimaanishi maji hayapiti. Maji yanazuiwa na utando uliopakwa upande wa ndani wa kitambaa, na utando huohuo unatakiwa uruhusu mvuke wa jasho utoke. Blanketi linalozuia mvua na kuzuia mvuke ni mfuko wa plastiki. Farasi analowa kutoka ndani.

La bandani halina utando huo, ni la joto tu. Ukimtoa nalo kwenye mvua linanyonya maji, linakuwa zege mgongoni mwake. La nje unaweza kulitumia ndani, la ndani usilitoe nje. Kwa mtu mwenye uwezo wa kununua moja tu, la nje ndilo la kununua.

Ukiwa unachagua, ligeuze utazame mshono wa mgongoni. Lenye mshono unaopita juu ya uti wa mgongo kuanzia shingoni hadi mkiani, hapo ndipo maji yataanzia kuingia. Bora kitambaa kiwe kipande kimoja juu.

Mama Kwato

Fundi, tafadhali zungumzia na vipimo. Hapo ndipo wengi tunapoharibu.

Fundi Sindano

Nakuja huko huko, mama.

Mpime farasi akiwa amesimama sawasawa, kichwa hakijainama. Anzia katikati ya kifua, pale mfupa unapotokeza chini ya shingo, pitisha kipimo ubavuni juu ya bega, sehemu yake iliyotokeza zaidi, mpaka ncha ya nyuma kabisa ya tako. Futi ya cherehani ina sentimita 150 tu, haitafika. Chukua kamba isiyovutika, weka alama, kisha ipime kamba chini.

Sasa tahadhari. Kwenye saizi za Uingereza kipimo hicho huandikwa kwa futi na inchi na hupanda kwa inchi 3. Marekani wanakiandika kwa inchi tupu, kwa hiyo 72 yao ni futi 6 za Uingereza. Watengenezaji wengi wa Ulaya bara hupima mgongo peke yake kwa sentimita, kuanzia kinundu cha bega, pale shingo inapokutana na mgongo, hadi shina la mkia. Farasi huyohuyo anaweza kuwa 190 kwa kipimo cha kifua mpaka tako, na karibu 140 kwa kipimo cha mgongo. Nimeletewa mablanketi mapya kabisa niyapunguze kwa sababu mtu alilinganisha namba bila kuuliza kinachopimwa ni nini.

Ukishamvisha, angalia mbele kuliko nyuma. Shingo ya blanketi inatakiwa ikae mbele kidogo ya kinundu cha bega, isikae juu yake wala nyuma yake. Ikirudi nyuma, uzito wote unaning'inia kwenye kinundu na kwenye ncha za mabega. Ingiza mkono hapo, upite bila kubanwa. Kisha shusha kichwa chake kama anakula majani, ingiza mkono tena. Hapa ndipo ukweli unapojulikana, kwa sababu farasi anashinda kichwa kikiwa chini, hashindi amesimama kama yuko kwenye picha. Mvute na hatua chache mbele, uone bega linatembea bila kitambaa kukaza.

Mablanketi yanayoletwa kwangu, nikiyageuza bitana naona hadithi yote. Pale penye ncha za mabega pameng'aa kwa kusuguliwa, manyoya yamenasa kwenye uzi. Hao farasi nyumbani wana vipara viwili mabegani. Na anayebanwa kwenye kinundu muda mrefu huota nywele nyeupe pale, hazirudi rangi yake tena.

Mikanda ya tumboni inapishana kama herufi X, iache nafasi ya kiganja kimoja kati yake na tumbo. Ikilegea zaidi ya hapo, farasi akilala na kuamka anaweza kuingiza mguu. Ya miguu ya nyuma, mmoja upite ndani ya mwingine ndipo uufunge, ili isimsugue mapajani.

Mzee wa Banda

Naongeza hapo kwa Fundi. Kumvisha, funga kifuani kwanza, halafu tumboni, mwisho miguuni. Kumvua, anza miguuni, malizia kifuani. Usiache hata sekunde moja blanketi limeshikwa na mikanda ya miguu peke yake. Likiteleza, linamwangukia nyuma na kumfunga miguu, atakimbia kwa hofu, na hapo mtu na mnyama wote wanaumia.

Na ukiliweka, liweke mbele kwenye shingo kisha livute kurudi nyuma, manyoya yalale upande wake. Ukilisukuma kutoka nyuma kwenda mbele umeyapindua yote, atawashwa siku nzima.

Nyasi Kavu

Uzi mzuri sana huu. Nilete kitu ambacho kilibadilisha mawazo yangu.

Watafiti wa Norway walichapisha mwaka 2016 kazi ambayo waliwafundisha farasi 23 kuchagua wenyewe. Mbele ya farasi waliweka vibao vitatu. Chenye mstari wa kulala maana yake nivalishe blanketi, chenye mstari wa kusimama maana yake nivue, na kitupu maana yake niache nilivyo. Farasi anagusa kibao kwa pua. Wote 23 walijifunza ndani ya siku 14. Kisha wakawatoa nje kwenye hali tofauti za hewa na kuwauliza. Siku za jua waligusa cha kuvuliwa. Siku za mvua, upepo na baridi waligusa cha kuvalishwa.

Yaani wanajua. Wanahisi na wana maoni juu ya jambo hili. Sisi wenye kufunga bizimu tumekaa tunabishana juu ya namba, mwenye mwili hajaulizwa.

Shungi

Nimesoma hiyo ya Norway mara mbili, imenigusa. Wa kwangu hana vibao. Nitajuaje anachotaka?

Mzee wa Banda

Kwa mkono, dada, kama ulivyofanya asubuhi ile. Tofauti ni kwamba sasa utakuwa unafanya kila siku, asubuhi na jioni.

Vua glavu. Subiri kiganja chako kipate joto la kawaida, maana mkono wa barafu utakudanganya. Ingiza chini ya blanketi nyuma ya bega, teremka mpaka karibu na kiwiko, kisha panda mpaka chini ya kinundu. Unatafuta joto kavu, lile la mfuko wa koti uliokaa na mkono muda mrefu. Ukikuta unyevu au manyoya yamegandana, amezidishiwa. Ukikuta ngozi ya baridi na misuli imekaza, amepungukiwa.

Masikio usiyaamini peke yake. Damu huwa inapungua kwenye sehemu za pembeni wakati wa baridi, kwa hiyo masikio yanaweza kuwa ya baridi na mwili uko sawa kabisa. Miguu nayo isikutishe. Chini ya goti kuna mifupa na mishipa migumu, nyama karibu hakuna, inavumilia baridi vizuri.

Mtazame na anavyosimama. Anayesikia baridi hubana mkia, hugeuzia upepo matako, anakunja mgongo, hataki kutembea. Kutetemeka ni hatua ya mbele zaidi, usisubiri ifike. Aliyezidiwa na joto hupumua haraka, anakuwa mzito, chakula anaacha. Wa kwako aliyeacha nyasi kwenye kona alikuwa anakuambia.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kutoka kitandani, kusikia ubaridi yeye, kwenda kumwongezea farasi. Baridi yako si yake. Zidisho la joto linamchosha kuliko upungufu kidogo, kwa sababu akipungukiwa anaweza kula, kutembea, kujificha kwenye kibanda. Akizidishiwa hawezi kujivua.

Mama Kwato

Hilo la mwisho, mzee, nakubaliana nalo kwa moyo wote, pamoja na yote niliyosema juu.

Dada Shungi, kwa farasi wako wa manyoya mazito na uzito mzuri, mimi ningekuwa na blanketi moja la nje la gramu 0 au 50, shingo wazi, kwa siku za mvua na upepo tu. Siku kavu abaki na koti lake hata ikiwa sifuri. Na kwa sababu ana miaka 17, ningeweka pembeni la gramu 100 au 150 kwa ile wiki moja mbaya kuliko zote, au ikitokea ameanza kupungua. Angekuwa amenyolewa ningekuambia 200 kwenye nyuzi 5, na 300 ikishuka chini ya sifuri, na shingo ifunikwe.

Uliuliza la shingo mwanzoni, halikujibiwa. Kwa asiyenyolewa la shingo halina kazi kubwa, linakata singa na kumzidishia joto. Kama lile la 300 lina shingo ya kutoa, itoe.

Ila usiku wa mvua usimvishe blanketi jepesi juu ya manyoya yaliyokwisha kulowa halafu ukaondoka. Linayalaza na kufungia maji ndani.

Shungi

Na hapo ndipo penye shida yangu. Nikirudi kazini jioni nikamkuta amenyeshewa, nifanye nini? Kitambaa cha kawaida hakimkaushi yule, manyoya yake ni msitu.

Fundi Sindano

Tumia la flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi, au la sufu. Vitambaa hivyo vinavuta unyevu kutoka kwenye ngozi na kuupandisha juu. Mkamue kwanza kwa kipande cha mpira au kiganja chenyewe, sugua kwa taulo kwenda kinyume cha manyoya, mvishe flisi. Baada ya nusu saa au zaidi utaona matone madogo yamesimama juu ya kitambaa kama umande. Hapo livue, lingine kavu likifuata kama anahitaji.

Mzee wa Banda

Zamani, kabla flisi haijafika, tulitumia majani makavu ya kulalia. Unamtandazia mgongoni kwa wingi, unaweka gunia la katani au nguo yenye matundu juu yake, unafunga kwa mkanda. Majani yanaiacha nguo mbali na ngozi, hewa inazunguka, mvuke unatoka. Saa moja baadaye unatoa majani yaliyolowa, farasi mkavu. Bado nafanya hivyo nikikwama.

Na mpe nyasi wakati huo huo. Anakauka kutoka ndani pia.

Nyasi Kavu

Jambo lingine ambalo halijasemwa: akishavaa, angalau mara moja kila siku mbili livue lote, mbrashi, mkague ngozi. Unyevu na uchafu chini ya blanketi vinaleta ugonjwa wa ngozi wa mvua, vile vigaga vinavyotoka na kishungi cha nywele. Ni bakteria, wanapenda pale pale palipo joto na maji.

Na mpapase mbavu. Nilimvisha mzee wangu wa miaka 24 la gramu 250 msimu mzima, nikawa nampa chakula kilekile, kwa nje anaonekana mnene na nadhifu. Nilipomvua siku ya kwanza ya jua nikaona mgongo umesimama kama ukingo wa paa. Blanketi lilinificha. Tangu hapo kila Jumapili napitisha vidole ubavuni, nyuma ya bega, juu ya nyonga, na naandika kwenye kidaftari nilichohisi.

Kwa wenye farasi wanene ni kinyume. Baridi ndio msimu ambao mwili wake unatakiwa upungue kidogo. Ukimfunika na kumlisha, anafika kwenye majani mapya akiwa mnene zaidi, na hao ndio wanaopata ule uvimbe wa ndani ya kwato unaowalemaza.

Fundi Sindano

Kufua nako, kwa sababu mtaniletea yakiwa yamekufa. Maji yasizidi nyuzi 30. Sabuni ya unga ya nguo inaondoa dawa ya kuzuia maji, tumia sabuni laini ya vitambaa vya mvua. Usilikaushe kwa mashine ya joto, litundike kivulini. Msimu ukianza, mwagia maji kidogo mgongoni pa blanketi. Yakijikusanya matone na kuteleza, bado linazuia maji. Yakizama na kuacha doa jeusi, linahitaji kupakwa dawa upya kabla mvua haijakuta farasi ndani yake.

Shungi

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa.

Nilimpima kwa kamba. Nililokuwa nimenunua lilikuwa limemzidi inchi 6, ndiyo maana lilikuwa linamrudi nyuma na kukaa kwenye kinundu. Nililirudisha likiwa limesafishwa, wakakubali kunibadilishia kwa la gramu 50, denia 1200, shingo wazi, mgongo bila mshono. Juzi mvua ilianza saa nane mchana na upepo wa kusukuma milango. Nikamvisha asubuhi akiwa mkavu, nikamwekea nyasi sehemu tatu ndani ya kibanda badala ya moja.

Jioni nilimkuta nje kama kawaida yake, matako kwenye upepo, anatafuna. Nikavua glavu, nikapuliza kiganja, nikaingiza nyuma ya bega. Joto, na pakavu. Nikateremka mpaka kwenye kiwiko. Pakavu. Nikabaki na mkono humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na yeye akaniwekea kidevu begani akaendelea kutafuna sikioni mwangu.

Jana na leo kumekauka, nyuzi 1. Hana kitu mgongoni, manyoya yamesimama, amevimba kama mkubwa mara mbili. Ndoo ya maji ilikuwa na barafu juu asubuhi, nikaivunja na kuongeza maji ya uvuguvugu, akanywa karibu yote.

Swali moja limebaki. Kuna kijipara kidogo, ukubwa wa sarafu, bega la kushoto, kiliachwa na lile la kwanza. Nikipake kitu au nikiache?

Mama Kwato

Kama ngozi haijachubuka kiache, dada, manyoya yataota yenyewe. Wakati anavaa la sasa mvalishe ndani kile kizibao laini cha mabegani kinachoteleza, wiki mbili tatu hivi. Kikianza kuwa chekundu au kutoa maji, mwite mganga.